Biashara ya intaneti: Muuzaji na msafirishaji wakivutana, mteja ndiye anayeumia

Tarehe 1 mwezi wa sita mwaka 2017, wauzaji wengi wa China wanaouza vitu kwa njia ya intaneti walikuta hawawezi tena kufuata koli zao. Magari yalikuwa yakitembea na madepo yalikuwa wazi. Kilichokatika ni habari. Kampuni mbili kubwa, SF Express inayosafirisha koli, na Cainiao inayosimamia usafirishaji kwa ajili ya masoko ya Alibaba, zilikuwa zimeacha kupashana habari za koli zinazopita mikononi mwao.

Kila upande ulimtupia mwenzake kosa. Cainiao ilisema SF ndiyo iliyofunga njia. SF ikajibu kwamba Cainiao ilidai habari za wateja zisizohusu Alibaba hata kidogo, na kwamba shida ya kweli ni kuikataza kuweka data zake kwa Tencent, mpinzani wa Alibaba. Cainiao ikawashauri wauzaji watumie wasafirishaji wengine. Hayo yalitokea wakati wa litchi kusini mwa China, tunda linaloharibika ndani ya siku chache likikaa bila baridi.

Ilibidi Idara ya Posta ya serikali ya China iite pande zote mbili. Tarehe 3 mchana, habari zikaanza kupita tena.

Hakuna gari lililoharibika katika kisa hicho, wala barabara iliyokatika. Kilichokosekana ni mapatano yaliyo wazi kati ya yule anayeuza na yule anayebeba. Na tatizo hilo si la Wachina peke yao. Linajulikana pia Bukavu, Butembo, Bunia na Lubumbashi, kila mara mama anapopiga picha ya viatu, anaiweka WhatsApp, anapata mteja wa mtaa mwingine, halafu anamkabidhi koli dereva wa taksi-moto. Mteja asipojibu simu, nani anapoteza? Kiatu kikirudi na tope, nani analipa? Mara nyingi jibu linatafutwa wakati watu wamekwisha kukasirika.

Mchezo wa watu wawili

Wataalamu wa uchumi wana chombo cha kupimia mambo ya namna hii. Wanakiita nadharia ya michezo. Neno "mchezo" hapa lina maana ya hali yoyote ambamo faida ya mtu haitegemei tu anachofanya yeye, bali pia anachofanya mwenzake. Anayecheza dame au karata anaelewa: huwezi kuchagua vizuri bila kuwaza yule aliye mbele yako atajibu nini.

Mwaka 1950, Mmarekani John Nash alionyesha kwamba michezo ya namna hiyo huwa na mahali pa kutulia, ambapo hakuna mchezaji anayeweza kupata zaidi kwa kubadilisha mwenendo wake peke yake. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1994, pamoja na Reinhard Selten na John Harsanyi.

Lakini mahali pa kutulia si lazima pawe mahali pazuri. Watu wawili wanaweza kukwama katika hali inayowaumiza wote, na bado kila mmoja akawa na sababu nzuri ya kutobadilika. Muuzaji hamwamini dereva, kwa hiyo anampa koli za bei ndogo tu na kumlipa kidogo. Dereva anaona malipo ni madogo, kwa hiyo anabeba kwanza abiria, na koli inafika jioni. Muuzaji akiona hivyo anasema: "Ndiyo maana simwamini." Dereva naye anasema: "Ndiyo maana siharakishi." Wote wawili wana haki katika hesabu yao, na wote wawili wanakosa pesa.

Mwaka huohuo wa 1950, Joseph Spengler, mtaalamu mwingine wa Marekani, alieleza shida iliyo karibu na hiyo. Biashara mbili zinazofuatana katika njia moja ya bidhaa, kila moja ikiongeza faida yake bila kuangalia mwenzake, bei ya mwisho inapanda kupita kiasi. Muuzaji anaongeza yake juu ya kiatu, msafirishaji anaongeza yake juu ya safari, na mteja akijumlisha anaamua kwenda sokoni kwa miguu. Wangepiga hesabu pamoja, bei ingeshuka, wangeuza koli nyingi zaidi, na faida ya kugawana ingekuwa kubwa zaidi.

Kazi ya mkataba basi ni kubadilisha mchezo wenyewe. Mkataba mzuri hauwaombi watu wawe malaika. Unapanga malipo na hasara kwa namna ambayo mtu akitafuta faida yake mwenyewe, anajikuta anafanya kilicho kizuri kwa wote wawili.

Noeli ya 2013 na Noeli ya 2014

Mfano unaojulikana sana unatoka Marekani. Tangu mwaka 2005, Amazon ilikuwa imewazoesha wateja wake wa huduma ya Prime kupata koli ndani ya siku mbili. Lakini kwa sehemu kubwa, wabebaji walikuwa kampuni nyingine, kama UPS. Ahadi ilitolewa na mmoja, na jasho likatoka kwa mwingine.

Mwezi wa kumi na mbili mwaka 2013, watu waliagiza vitu kwa wingi katika siku za mwisho kabla ya Noeli. UPS ilizidiwa. Koli nyingi za zawadi zilifika sikukuu ikiwa imekwisha kupita. Amazon iliwarudishia wateja walioguswa gharama ya usafiri na kuwapa hati ya manunuzi ya dola 20.

Mwaka uliofuata UPS haikutaka kurudia aibu hiyo. Iliongeza watu, magari na matumizi. Ila katika baadhi ya siku koli zilikuwa chache kuliko zilivyotarajiwa, na mwezi wa kwanza mwaka 2015 kampuni hiyo iliwaambia wawekezaji kwamba faida yake imekuwa chini ya matarajio kwa sababu ya gharama hizo. Mwaka mmoja magari yalipungua, mwaka uliofuata yalizidi.

Sababu iko katika habari. Muuzaji peke yake ndiye anajua atashusha bei ya vitu gani na siku gani. Msafirishaji peke yake ndiye anajua ana magari mangapi. Na kama kutaja namba hakumgharimu muuzaji chochote, atataja namba kubwa ili atengewe nafasi ya kutosha. Msafirishaji anajua hila hiyo, kwa hiyo anaipunguza namba kichwani mwake. Mwishowe hakuna anayemwamini mwenzake, hata siku ambapo namba ni ya kweli.

Dawa inayotumiwa sana ni kuipa namba uzito wa pesa. Muuzaji anatangaza mapema koli anazotarajia na kulipia sehemu ya nafasi hiyo hata asipoitumia. Msafirishaji naye anakubali kulipa akishindwa kubeba koli alizoahidi kubeba. Hapo anayetaja namba kubwa mno anaumia, na anayetenga magari machache mno anaumia vilevile. Njia nyingine ni kupandisha bei siku za msongamano: mwaka 2017 UPS ilitangaza ada ya ziada kwa koli za nyumbani katika majuma ya Noeli, ili muuzaji anayesukuma kila kitu siku moja ajue gharama yake.

Hesabu ya koli kumi

Hakuna haja ya ndege wala kompyuta kubwa ili kuona mambo haya. Mfano mdogo unatosha. Namba zinazofuata ni za kufikirika, lakini hesabu yenyewe kila mtu anaweza kuirudia kwenye karatasi kwa bei za mtaa wake.

Muuzaji ana koli kumi za kupeleka. Kila koli inayopokelewa inamletea franka 10.000 kabla ya kulipa usafiri. Dereva akienda bila kupiga simu kwanza, wateja sita kati ya kumi wanapatikana na kupokea. Akipiga simu na kupanga saa, wanane wanapokea. Kupiga simu na kungoja kunamgharimu dereva franka 300 kwa koli, yaani 3.000 kwa koli zote kumi.

Kwanza wanapatana malipo ya namna moja: franka 3.000 kwa kila safari, mteja awepo au asiwepo. Dereva asipopiga simu anapata 30.000. Akipiga simu anabaki na 27.000. Hatapiga, na hakuna wa kumlaumu, maana mkataba wenyewe unamwadhibu kwa bidii yake. Koli sita zinapokelewa, muuzaji anaingiza 60.000, anamlipa dereva 30.000, anabaki na 30.000.

Halafu wanabadilisha: franka 1.500 kwa kila safari, na franka 2.500 juu yake kwa kila koli iliyopokelewa. Dereva asipopiga simu anapata 15.000 na 15.000, jumla 30.000. Akipiga simu anapata 15.000 na 20.000, anaondoa 3.000 ya simu, anabaki na 32.000. Sasa kupiga simu kunamfaa. Koli nane zinapokelewa. Muuzaji anaingiza 80.000, anamlipa dereva 35.000, anabaki na 45.000.

Hakuna aliyemnyang'anya mwenzake. Dereva ameongeza 2.000, muuzaji ameongeza 15.000, na wateja wawili zaidi wamepata kile walichoagiza. Tena bado kuna nafasi ya kubishana namna ya kugawana faida hiyo mpya, na dereva anayejua hesabu hii atakuwa na neno la kusema.

Muuzaji mmoja anaweza kuwaza: kwa nini nisimlipe kwa koli zilizopokelewa tu, kwa mfano franka 4.400 kila moja, bila kulipia safari? Kwa siku ya kawaida, dereva aliyepiga simu angebaki na franka 32.200, karibu sawa. Tofauti inaonekana siku mbaya. Mvua ikinyesha na wateja watatu tu wakipokea, dereva huyo angebaki na 10.200. Kwa mkataba wa sehemu mbili angebaki na 19.500. Mvua si kosa lake, wala mteja aliyebadilisha mawazo si kosa lake.

Hilo ni moja ya mambo yaliyofanyiwa kazi na Bengt Holmström, aliyepewa Nobel ya uchumi mwaka 2016 pamoja na Oliver Hart kwa kazi zao juu ya mikataba. Malipo yakifungwa sana kwenye matokeo, mfanyakazi anabeba bahati mbaya ya kila siku. Yasipofungwa kabisa, bidii inapungua. Mkataba unatafuta kipimo katikati, na asiye na akiba hapaswi kubeba hatari yote peke yake.

Pesa mkononi na thamani ya kesho

Kuna hatari nyingine ambayo wauzaji wa Kongo wanaijua vizuri. Wateja wengi wanataka kuona kitu kwanza ndipo walipe. Kwa hiyo dereva anarudi na pesa za muuzaji mfukoni, na wakati mwingine pesa hizo zinazidi mapato yake ya majuma mengi.

Nadharia ya michezo inajibu kwa kutofautisha mchezo wa mara moja na mchezo unaorudiwa. Robert Aumann na Thomas Schelling walipewa Nobel mwaka 2005 kwa kueleza ugomvi na ushirikiano kwa njia ya nadharia hiyo. Aumann hasa alionyesha kwamba watu watakaokutana tena na tena wanaweza kushirikiana hata pale ambapo, wangekutana mara moja tu, kila mmoja angemgeuka mwenzake. Dereva aliyeokotwa barabarani leo hana cha kupoteza kesho. Dereva mwenye koli kumi za uhakika kila juma, kwa malipo yanayoeleweka, anapoteza kazi ya miezi mingi akikimbia na pesa za viatu.

Kwa hiyo muuzaji anayebadilisha madereva kila siku ili apate bei ndogo zaidi anajinunulia wasiwasi. Na pale ambapo mteja anaweza kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money moja kwa moja kwa muuzaji kabla koli haijafunguliwa mkono, kishawishi kinapungua kwa pande zote mbili, na dereva pia anaepuka kutembea usiku na pesa za watu.

Nani anaweza kuondoka?

Mkataba unategemea pia nguvu ya kila upande, na nguvu hiyo inapimwa kwa swali moja: asipokubali, ana pa kwenda?

Mwezi wa sita mwaka 2019, kampuni ya FedEx ilitangaza kwamba haitaendelea na mkataba wake wa kubeba koli za Amazon kwa ndege ndani ya Marekani. Mwezi wa nane ikaacha na mkataba wa barabara. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu Amazon ilikuwa imeleta chini ya asilimia 1,3 ya mapato yake mwaka 2018. Amazon nayo ilikuwa ikijenga usafiri wake, na mwaka 2018 ilikuwa imeanzisha mpango wa kuwapa kazi wajasiriamali wadogo wenye magari ya kupeleka koli. Karibu na Noeli ya 2019, iliwazuia kwa muda wauzaji wa soko lake kutumia huduma ya barabara ya FedEx kwa koli za Prime.

UPS ilikuwa katika hali nyingine, kwa kuwa Amazon ndiyo iliyokuwa mteja wake mkubwa kuliko wote. Hata hivyo, mwezi wa kwanza mwaka 2025 ilitangaza kwamba itapunguza koli za Amazon kwa zaidi ya nusu ifikapo nusu ya pili ya mwaka 2026. Uongozi wake ulieleza kwamba mteja mkubwa zaidi siyo mteja mwenye faida zaidi.

Kwa dereva wa taksi-moto, pa kwenda ni abiria. Kwa muuzaji, pa kwenda ni dereva mwingine, au kumwambia mteja aje achukue mwenyewe. Malipo yakishuka chini ya kile ambacho dereva angepata kwa abiria katika saa hizohizo, mkataba utavunjika hata ukiwa umetiwa saini mara tatu.

Sheria inasema nini

Wengi wanafikiri kwamba bila karatasi hakuna mkataba. Sivyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni mwanachama wa OHADA, jumuiya ya sheria za biashara Afrika, tangu mwaka 2012. OHADA ina sheria ya mwaka 2003 juu ya mikataba ya kusafirisha mizigo kwa barabara. Kwa sheria hiyo, mkataba unakuwapo mara tu mwenye mzigo na msafirishaji wanapopatana kuhamisha mzigo kwa bei fulani. Kukosa hati ya usafirishaji hakuufuti.

Lakini hati hiyo ina faida ambayo wengi hawaijui. Sheria inaweka kikomo cha fidia kwa mzigo uliopotea au kuharibika: franka CFA 5.000 kwa kila kilo. Simu ya nusu kilo na boksi lake ingepata franka CFA 2.500 tu, chini ya euro 4, hata kama ilinunuliwa dola 150. Kikomo hicho kinabadilika ikiwa mwenye mzigo ameandika thamani yake kwenye hati ya usafirishaji. Hapo fidia inaweza kufika hadi thamani iliyoandikwa. Msafirishaji aliyefanya kosa la makusudi hawezi kujificha nyuma ya kikomo. Kwa anayetuma koli kwa gari kutoka mji hadi mji, mstari mmoja wa kalamu unaweza kutenganisha euro 4 na dola 150.

Msafirishaji naye ana haki ya kujua anabeba nini. Akibeba simu kwa bei ya kubeba nguo, hatari imehamishiwa kwake bila yeye kulipwa. Ndiyo maana mapatano ya haki yanaongeza bei kidogo kwa koli ya thamani.

Zaidi ya hayo, Sheria ya dijitali ya Kongo, iliyotiwa saini tarehe 13 mwezi wa tatu mwaka 2023, inasimamia biashara ya intaneti na inatambua maandishi ya elektroniki. Kwa hiyo ujumbe ulio wazi unaotumwa kwa simu kabla ya safari una maana kuliko maneno yaliyosemwa barabarani.

Mistari michache kabla ya safari

Mapatano yenye nguvu hayahitaji kuwa marefu. Yanataja malipo ya safari na nyongeza ya koli iliyopokelewa. Yanataja saa ambayo koli inapaswa kufika, na dereva atangoje dakika ngapi. Yanasema nani analipa safari ya kurudisha koli mteja akikataa, na kama mteja amekataa kwa sababu kitu si kile alichoonyeshwa kwenye picha, mzigo huo ni wa muuzaji. Yanaandika thamani ya kitu, hali yake kinapotoka, na njia ya kulipa. Na yanamtaja mtu mmoja ambaye wote wawili wanamheshimu, wa kusikiliza wakigombana, kwa mfano kiongozi wa ushirika wa madereva.

Kule China mwaka 2017, serikali iliingia kati na kuwakutanisha wakubwa wawili ndani ya siku tatu. Kati ya mama anayeuza viatu kwa simu na dereva aliyesimama kwenye mvua mbele ya lango lililofungwa, hakuna idara itakayokuja. Watakachokuwa nacho siku hiyo ni kile walichoandikiana asubuhi.